Bembea ya Fundo la Ng'ombe

Kwiiko, kwiiko, kwiiko. Halafu kimya kidogo. Halafu puu! kama mkungu wa ndizi ulioangushwa bila kupokewa. Sauti hiyo ningali nayo masikioni, maana kamba niliifunga mimi, na aliyeanguka alikuwa mdogo wangu wa miaka sita.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne na sikupata nafasi ya kuendelea. Kwa hiyo siku watu wazima walipokwenda shamba la ujamaa, mimi ndiye niliyebaki na mtoto nyumbani. Kazi nzuri sana kwa mtu mwenye ndoto nyingi. Ndoto yangu mwaka ule ilikuwa treni. Kutoka kwetu mlimani, siku isiyo na ukungu, unaiona tambarare yote ya Same, ila upande wa reli umezibwa na migomba yetu. Nikawaza, tukipaa kwa bembea juu ya migomba tutaiona.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mparachichi ulionyoosha tawi nje ya ukingo. Shamba letu limekatwa ngazi ngazi, kama mashamba yote ya Upare, kwa hiyo chini ya tawi lile palikuwa na mteremko tu. Nilichukua kamba ya ng'ombe, nikapanda, nikaifunga kwa fundo pekee nililolijua, fundo la ng'ombe. Kwetu ng'ombe analala ndani, na fundo lake lina maana yake: ukivuta ncha moja tu linafumuka, ili moto ukiwaka umwokoe mnyama upesi. Ncha ile niliiacha ikining'inia ndefu, nikaona inapendeza kama mkia.

Mdogo wangu alipaa mara ya kwanza, akapaa ya pili. "Dada, naona moshi! Naona moshi wa treni!" Mara ya tatu akaudaka ule mkia.

Alivunjika mkono. Mama mmoja wa kitongoji cha juu, mjuzi wa mifupa, aliunyoosha, akaufunga vijiti, na baada ya majuma kadhaa ukapona. Kilichokataa kupona ni kitu kingine. Zamani alikuwa halali mpaka ashike upindo wa kanga yangu. Sasa alihamia kitanda cha bibi. Nikimwambia, "Twende tukateke maji, nitakubeba," ananijibu kwa adabu kabisa, "Ahsante dada, nitakwenda na bibi." Afadhali angenitukana.

Nikaamua kutengeneza bembea nyingine, ambayo hata tembo wa bondeni angekaa asianguke. Labda akiiona, nilijiambia, atanirudia.

Jirani yetu mmoja alitokea kusini, akafanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya katani kule chini, kisha akaoa binti wa huku na kuhamia mlimani. Kwa sababu hiyo kijiji kizima, hata sisi watoto, tulimwita Shemeji. Nikamfuata.

"Shikamoo, Shemeji."

"Marahaba. Wewe ndiye unayerusha watoto?"

Nikainamisha uso. "Naomba unifundishe kufunga kamba."

Alikuja akautazama mparachichi, akasonya. "Huu ni mti wa kula, si wa kukalia. Tawi lake linavunjika bila hata kukuaga." Akaonyesha mringaringa, mti wa mbao, uliokuwa karibu na jiko. "Ule pale."

"Lakini pale treni haionekani."

"Unataka treni au unataka mtoto?"

"Mtoto."

Tulifanya kazi siku tatu, yeye akiamuru, mimi nikipanda na kushuka kama ngedere. Alisokota kamba mpya mbili za katani. Tawi tukalivika vipande vya gunia ili kamba isijisage. Tukaizungusha mara mbili, kisha akanionyesha fundo ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyouma. Ncha zikafupishwa na kufichwa ndani. Tukatoboa ubao kwa chuma cha moto, tukauning'iniza usawa wa goti la mtoto. Chini tukang'oa mawe yote na kumwaga maganda ya kahawa.

"Na mvua ikinyesha, kagua," alisema. "Katani haitangazi ugonjwa wake. Inaoza kimya kimya kama mtu mwenye kinyongo."

Siku ya kuijaribu alisema, "Kwanza apande asiyelia." Tukapakia gunia la mawe, tukalisukuma hadi mikono ikauma. Kisha akakaa Shemeji mwenyewe. Alipokuwa anashuka, bibi akatoka jikoni akijifunga kanga vizuri.

"Ondokeni, na mimi nipime."

Akakaa, miguu mbele. "Sukuma basi! Mbona unasukuma kama hujala?"

Mama alikuta mambo hayo akirudi na jembe begani. "Mama! Utavunjika!"

"Nikivunjika, nitavunjika nikicheka!"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, kaziba mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini nilipomnyooshea mkono, aliingia nyuma ya mlango. (Leo ameshakuwa msichana, na tukilala kitanda kimoja ananibishia kwamba hakuogopa hata kidogo.)

Watoto wa majirani wakaja, wakapanga foleni. Yeye akawahesabia zamu akiwa mlangoni, asisogee.

"Bibi, bado kanikasirikia?" niliuliza jioni moja tukichambua maharage.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia pole, siku ile ile."

"Pole hata mpita njia angempa. Wewe ndiye uliyemwangusha."

Kwetu watu wazima wakikosana, mkosaji anayeomba radhi humpelekea mwenzake jani la isale, ule mmea wa mipakani, likiwa limepigwa fundo, na anayepelekewa hawezi kuligeuzia mgongo. Lakini nani amewahi kumpelekea mtoto wa miaka sita isale? Wangenicheka mpaka Kisiwani kule bondeni.

Usiku ule mvua ilinyesha. Alfajiri nilitoka kabla hawajaamka. Nikapanda mringaringa, nikapitisha kidole kwenye mafundo yote mawili, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, kamba ikakaa kimya. Nikafuta ubao kwa kanga. Kisha nikaenda mpakani, nikakata jani moja la isale, nikalipiga fundo, nikalivuta kuhakikisha halifumuki. Nikaliweka katikati ya ubao, nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.