Video ya Breki

Trela iliyotubeba kutoka shambani ilipinduka kwenye mteremko, wenzangu watatu wakafa. Mimi nilivunjika mguu mahali pawili. Waliotuua nawajua. Ni meneja wa magari, aliyeambiwa wiki nzima kwamba breki ya trekta imelegea, na supavaisa wetu, aliyetupandisha juu ya magunia ya majani chai ili asirudie safari. Majani yakikaa kwenye gunia yanashika joto, na kiwanda kinayakataa. Mtu akichelewa hakataliwi na yeyote.

Nilikuwa nimewasha simu kurekodi wenzangu wakiimba. Ndani ya wimbo unasikia dereva akisema breki haishiki, na supavaisa akimjibu, "Wewe endesha, majani inachomeka."

Nikiwa wodini, hospitali ya Longisa, niliiweka video hiyo kwa mtandao. Watu waliisambaza hadi Londiani na Nairobi. Serikali ikasema inachochea watu, ikaandikia kampuni yenye mtandao, huko ng'ambo, iizuie Kenya nzima. Kampuni ikajibu: leteni amri ya korti. Ikaandikiwa tena, ikakataa tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa akinisomea habari kwa simu yake. Siku hiyo alicheka.

"Dada, umepata mawakili wazungu na hujalipa hata chai."

Nilimwamini. Hilo lilikuwa kosa langu, kudhani kwamba mtu akigombana na serikali basi anakupigania wewe.

Niliporudi nyumbani, chifu alikuja na supavaisa. Nyumba zetu za kambi ni za shamba. Unakaa humo mradi kuna mtu wako anayechuma. Binti yangu alikuwa ameshika kazi yangu na ana watoto wawili. Chifu aliuliza habari ya mguu, akakubali chai, akazungumza kuhusu mvua. Halafu akasema kampuni ya mtandao ni kichwa ngumu, inaringa, lakini imeandika kwamba mwenye video akiifuta mwenyewe, wao hawana neno.

Nikamuuliza kesi ya wale waliokufa itasimama na nini. Akasema faili iko kwa polisi, nisijisumbue.

Supavaisa alikuwa akiangalia dari.

"Hii nyumba tunataka kuirepea, mama. Sijui mtakaa wapi."

Binti yangu alisimama mlangoni. "Usifute," akaniambia. "Tutalala kanisani."

Niliwaza watoto wakilala kwenye simiti, na baridi ya huku. Nikafuta. Simu iliuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Supavaisa akasema na ile iliyobaki kwenye picha zangu pia, akainama karibu mpaka akaona imetoka. Watu walikuwa wamesambaza hiyo yangu tu, hakuna aliyeihifadhi kwa simu yake, kwa hiyo ikapotea kwao wote. Chifu akamaliza chai, akanitakia nafuu.

Miezi baadaye redio ilitangaza kwamba korti imeamua serikali haina haki ya kuizuia ile video, na kampuni ya mtandao imeshinda. Mtu wao mmoja alisema wamelinda sauti ya mnyonge. Nilikuwa nikimenya viazi. Binti yangu alizima redio, akafunga ile epuroni ya plastiki ya kuchumia, akatoka kwenda kazini bila kuniaga.