Nywele za Masikio na Mtihani wa Baiolojia

Ati nywele zinazoota masikioni mwa mwanamume ni neva za ubongo zilizokosa nafasi ndani zikatafuta pa kutokea. Ukizikata, umekata kumbukumbu. Haya niliyapata Tongaren kwa mjomba wangu, tukipukuchua mahindi. Alisema aliwahi kukata zake akasahau njia ya choo. Niliamini kabisa.

Ndiyo maana nilipoanza masomo ya jioni Kitale, mimi baba mzima, nikitafuta kupita baiolojia ili nichukuliwe na chuo cha utabibu, kinyozi wangu wa Matisi alikatazwa kugusa masikio. Huo haukuwa wakati wa kupunguza ubongo kwa mkasi. Kufikia muhula wa mwisho nywele hizo ungeweza kufungia mbuzi nazo. Mke wangu alisema msimamizi wa mtihani atadhani nimeficha majibu humo. Nikamwambia avumilie, bana, cheti lazima kije nyumbani.

Jioni moja madam wetu wa baiolojia akafundisha kwamba karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, na kwamba kwenye kiinitete, ngozi na neva hutoka tabaka moja. Niliruka nusura nitoboe mabati. Si nilijua! Nikaeleza darasa habari ya masikio yangu. Walicheka hadi watu wa mtaa wa Tuwan wakasikia.

Madam hakucheka. Aliniuliza naimba sauti gani kanisani. Nikasema besi, na madirisha ni mashahidi.

“Na kwa kitabu chako cha kwaya, mstari wa soprano uliuchana?”

Nikasema upo, ila mimi siusomi.

Basi akasema seli nayo ni hivyo. Seli changa ikipata ishara kutoka kwa majirani zake, protini fulani hukaa kwenye jeni za neva na kuzifungua zisomwe. Ndipo inaota mkia mrefu wa kupeleka habari. Kwenye seli za ngozi, protini nyingine hukalia jeni hizohizo na kuzinyamazisha, na uzi wenyewe wa DNA hukunjwa ukabana pale. Mstari upo, lakini hausomwi. Na seli ikishashika sauti yake, kwa kawaida haibadilishi.

Nilikariri hayo nikipalilia na nikikamua, hadi ng'ombe wangu angeweza kukaa mtihani akapata alama nzuri kuliko wengine. Sikubakisha neno. Lakini woga wa Tongaren hautoki haraka. Jioni ya mwisho kabla ya mtihani nilibaki nyuma, nikamuuliza madam kwa sauti ya chini kama, kwa usalama tu, nizikate baada ya karatasi ya baiolojia.

Akaniangalia sikio moja, kisha la pili.

“Mzee, hizo ni nywele,” akasema. “Hapo nje hata uhai hazina. Uliyosoma yako ndani ya kichwa. Kata.”