Jina la Dereva wa Kwaya

Lori lilipinduka Jumamosi asubuhi, kwenye mteremko unaoshuka mtoni, tukiwa njiani kwenda mjini kuimba. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ndugu yangu aliyenifuata alikufa. Wakafa wasichana wawili niliokuwa nikikaa nao dawati moja, akafa mvulana mmoja wa sauti ya besi aliyebatizwa mwezi uleule, na akafa dereva. Dereva naye alikuwa mtoto kama sisi, ingawa mtu akishashika usukani watu hawamwiti mtoto tena.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za wazungu, na tuliishi katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Burnt Forest. Baba alikuwa mkamuaji. Alitoka Bunyore akiwa kijana, akapata kazi ya ng'ombe, akaoa, na sote tukazaliwa palepale kambini. Kambi ilikuwa ya watu mchanganyiko: Waluhya kama sisi, waliokuja kutafuta kazi, na Wanandi ambao ardhi ile ilikuwa ya babu zao na sasa walikaa juu yake kama maskwota. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na Jumapili chumba hichohicho kiligeuka kanisa. Mwalimu ndiye aliyekuwa mhubiri, na kwaya ilikuwa yake.

Dereva alikuwa Mnandi, mwana wa pekee wa mjane aliyekuwa na nyumba ng'ambo ya miti ya miwati. Alikuwa ametuzidi miaka miwili hivi. Aliacha shule baba yake alipofariki, akapewa trekta la kulimia ngano. Hakuimba. Alisema sauti yake ni ya ndama. Lakini jioni za mazoezi alikuja na matope yake miguuni, akakaa benchi la nyuma akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda zake bila kuaga.

Mwaka ule kanisa la mjini lilikuwa limeita kwaya za mashamba yote. Bwana mwenye shamba alikubali kutupa lori lililokuwa likipeleka mikebe ya maziwa. Asubuhi yenyewe dereva wa siku zote akawa amelala na malaria, hawezi hata kuinua kichwa, na nyapara akamwita yule kijana. Sisi tulikuwa tumeshapanda nyuma, wasichana kwa mashati meupe. Nilisimama mbele kabisa, nimeshika chuma nyuma ya mahali pa dereva, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao yote.

"Hili lori sijalizoea," kijana alisema. "Na dereva wake alisema juzi breki hazishiki vizuri."

"Jana lilienda na maziwa likarudi," nyapara akamjibu. "Watoto wamevaa, mwalimu ametangulia kwa baiskeli, anawangoja. Nenda polepole, basi."

Alikwenda polepole. Hilo niliweza kuliapia wakati ule na naweza kuliapia leo.

Dirisha dogo la nyuma yake halikuwa na kioo. Niliona shingo yake na mikono yake yote miwili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa matope mekundu, na alikuwa akilichunga lile lori kama mtu anayevusha mgonjwa. Kando yake alikaa tanboi, msaidizi wa lori, mtu mzima mwenye watoto wake. Tulipofika juu ya mteremko niliona bega la kijana likishuka alipokanyaga breki. Likashuka tena. Akamgeukia tanboi akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haishiki."

Tanboi akafungua mlango akaruka.

Chini kulikuwa na daraja la mbao lisilo na kingo, na mto ulikuwa umejaa. Kijana akatupigia kelele, "Kaeni chini! Shikeni!" Halafu akakata usukani kulia, upande wake mwenyewe, kulikokuwa na ukuta wa udongo uliochongwa barabara ilipotengenezwa. Lori likaupanda ule udongo, likasimama kwa ubavu, likatuangukia.

Baada ya hapo nakumbuka vitu visivyo na maana. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akipita na kabichi kichwani. Kabla ya kutukimbilia aliziteremsha, akazipanga pembeni ya barabara moja moja ili zisibingirike. Nilizitazama kabichi zile kwa muda mrefu. Mguu wangu ulikuwa chini ya ubao wa lori na sikuusikia.

Nililazwa mjini, katika wodi ya Waafrika. Baba alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mkononi.

"Mwenzako hayupo," akasema.

"Sawa, Baba."

Alinitazama kama anayengoja neno jingine. Nikamuuliza kama alikuwa amekula. Akasema amekula. Nikamuuliza nani anakamua kwa zamu yake, akaniambia. Kisha aliondoka taratibu, akigusa kila kitanda njiani. Waliwazika nikiwa bado pale, mguu wangu umefungwa plasta.

Nilipotoka hospitali walinipeleka Bunyore kwa bibi yangu, nipone huko mbali na kambi. Neno lilikuwa limetangulia kwa ndugu wote: asikumbushwe. Kwa hiyo hakuna aliyenitajia lori. Nilikula, nililala, nilimenya viazi, nilijifunza kutembea tena na fimbo. Majirani walimwambia bibi nina moyo wa nguvu. Mimi sikuwa na nguvu yoyote. Nilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, na ni kama umegusa wa mtu mwingine.

Nilirudi kambini siku chache kabla ya mwaka kutimia. Watu walikuwa wakiandaa ibada ya kumbukumbu. Bwana alikuwa ametoa kona moja ya shamba karibu na miwati kwa ajili ya makaburi, na siku ile wanawake walipika hapohapo, mchele na nyama, na mabenchi ya shule yakabebwa kule. Wanakwaya waliobaki waliimba. Niliambiwa nisiimbe kama sijisikii, nami sikuimba.

Kisha mwalimu akasimama kuomba. "Bwana," alisema, "tunawakumbuka watoto wetu, waliochukuliwa na mwendo wa kasi wa mtu mmoja asiyejali maisha ya wenzake."

Niliinua kichwa. Nilidhani nimesikia vibaya.

Akayataja majina kwa kichwa, la ndugu yangu likiwa la kwanza. Kwa kila jina kulikuwa na mama aliyelia. Mama yangu alilia, akanishika goti, na nilitazama mkono wake pale gotini. Nikangoja jina la dereva. Mwalimu akasema amina, na watu wakaanza kusogea kwenye vyakula.

Hapo ndipo nilipomwona mjane, mama yake dereva. Alikuwa amesimama upande wa pili wa miwati, blanketi mabegani, mahali anapoweza kusikia bila kuwa ndani ya watu. Hakuna aliyemwambia karibu na hakuna aliyemfukuza. Aligeuka, akaenda zake.

"Mama," nikauliza, "mbona jina la dereva halikutajwa?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Amezikwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba yao. Wazee walikataa alazwe hapa pamoja na aliowaua." Mama alifuta uso kwa leso. "Alikuwa akilikimbiza lori ili wasichana wamwone. Tanboi alimsihi apunguze, akakataa. Ndipo yule mzee akaruka."

"Nani amesema?"

"Kila mtu anajua hivyo. Hata wenzako mliokuwa nyuma walisema lilishuka mbio."

Sikusikia hasira. Ningependa kuandika kwamba nilisikia hasira, ingefaa. Nilichukua fimbo yangu nikainuka, nikaenda mpaka alipokaa Baba na wanaume wengine, naye ana bakuli la mchuzi mkononi.

"Baba, hakukimbiza lori."

Wanaume wakaacha kutafuna. Nikasimulia yote: nyapara, breki, bega lililoshuka mara mbili, neno alilosema, mlango uliofunguka, usukani uliokatwa kulia. Nilisimulia kwa sauti niliyokuwa nikitumia darasani kusoma kitabu cha jiografia. Nilipomaliza, Baba aliuliza, "Uliyaona wewe mwenyewe?"

"Nilikuwa nyuma yake, Baba."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na sikujua mnasema nini."

Baba aliweka bakuli chini kwenye nyasi. Tanboi alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, na alikuwa amesikia. Baba akamwendea. "Mzee, nieleze tena ilivyokuwa."

Tanboi hakumtazama Baba. Alinitazama mimi, kisha fimbo yangu. "Niliruka," alisema. "Niliogopa nikaruka. Watu walipofika wakaanza kuuliza, sikuweza kuwaambia kwamba niliwaacha watoto wenu ndani."

Mmoja wa wale akina mama waliofiwa aliinuka akaenda kutapika nyuma ya mti. Hakuna aliyempiga yule mzee. Nadhani tulikuwa tumechoka mno. Alibaki amekaa na chakula chake mbele yake, na nzi wakaanza kukijia. Mwisho Baba akamwambia mwalimu, "Watu wasitawanyike."

Tulikwenda kwa mjane, kambi nzima, tukipita katikati ya miwati. Alikuwa nje, akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliona kundi likija na hakuinuka.

"Mmesahau kitu?" akauliza.

"Jina la kijana wako, Mama," Baba akasema. "Hatukulitaja."

"Nilisikia."

Baba alimweleza, akisitasita, na pale aliposhindwa mwalimu alimsaidia. Mjane alisikiliza huku akiendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Walipomaliza alisema, "Mimi nilijua. Yule mtoto alikuwa mwoga wa mwendo. Hata trekta alikuwa akiliendesha mpaka nyapara anamtukana."

"Kwa nini hukutuambia, Mama?" mwalimu aliuliza.

"Ningemwambia nani?"

Alitupeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limefagiliwa. Mwalimu akaomba upya, na safari hii hakutaja mwendo wa kasi wala kutojali. Akayasema majina yote, na la dereva lilikuwa humo katikati ya mengine. Watu walilia zaidi kuliko walivyolia asubuhi. Baba naye alilia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, uso umekunjamana kama wa mtoto. Nilimwangalia nikafikiri, huyu ni baba yangu, analia, na wazo lile likapita kama lilivyokuja.

Mjane alikuja akasimama mbele yangu. "Ni wewe uliyekuwa nyuma yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Aliumia kwa muda mrefu?"

Niliona Mama yangu akinikonyeza niseme hapana. "Sijui," nikajibu. "Lori liliponibana sikuweza kumwona tena."

Alitikisa kichwa taratibu. "Afadhali umesema hujui," akasema. "Wengine wote waliokuja kwangu walikuwa wanajua."

Habari ya breki haikwenda popote. Polisi walikuwa wamekwisha kuandika kwamba dereva ni kijana asiye na leseni, na wakafunga shauri. Bwana alinunua lori jingine. Nyapara alihamia shamba la mbali, karibu na Chepkoilel, na sijui kama aliwahi kuambiwa tulichokisema. Baba alitaka kwenda kwa Bwana kumweleza, akajitayarisha, akavaa kofia, halafu akakaa mlangoni mpaka saa ya kukamua ikafika, akaenda kukamua. Hakulirudia tena neno hilo, nasi hatukumuuliza.

Kumhamisha kijana aje azikwe na wenzake, mjane alikataa. Alisema ameshazoea kumwamkia asubuhi. Kwa hiyo mwaka wa pili kumbukumbu ilifanyika mahali pawili: kwanza makaburini, kisha watu wote wakavuka miwati kwenda kwake kunywa chai. Wanawake wa kambi walikuwa wamempigia nyumba udongo mpya juma lile. Mama yangu ndiye aliyekanda udongo, yeye na mama wa mmoja wa wale wasichana, na walifanya kazi siku nzima bila kuongea sana.

Tanboi alikuja pia. Hakuna aliyetarajia. Alikaa mwisho kabisa, karibu na zizi la ndama, magoti yamebanana. Watu wengine walimpa mgongo. Mjane alimpelekea chai kwa mkono wake, akasimama mpaka akaona ameipokea, kisha akaendelea na wengine. Sijui alikuwa akifikiri nini. Watu kambini walilisema jambo hilo kwa miaka: wengine walisema alimsamehe, wengine wakasema alikuwa akimwonyesha tu kwamba amemwona.

Mimi siku ile nilikuwa kwenye birika. Nilisikia mwalimu akianza kuyasema majina, na nikamsikia Mama akianza kulia. Nikasimama tayari, nikidhani labda mwaka huu chozi litanijia. Nikangoja mpaka jina la mwisho. Halafu mtu akaniita kwamba maziwa yamepungua, nikaenda kuleta mengine.