Mstari Mwekundu wa Trafiki

Karani wa makao ya wazee alibandikwa jina la Trafiki, na jina likamganda. Kisa chenyewe ni jedwali lake la kwenye kompyuta. Kila mzee ana mstari wake: jina, simu ya mtoto, tarehe aliyotembelewa mara ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita mwezi, mstari mzima unageuka mwekundu wenyewe. Mwanzoni kilikuwa kinawaka kisanduku cha tarehe peke yake, kumbe katika kanuni aliyoiandikia kompyuta alisahau kutia alama ya dola mbele ya herufi ya safu. Alipoitia, wekundu ukaenea kutoka jina hadi mwisho, naye akatembea kifua mbele siku nzima utadhani kajifungua mapacha.

Tangu hapo watoto wa watu hawakupumua. Mstari ukiwaka tu, Trafiki kainua simu, na hana salamu ndefu huyo. "Mzee wako amekuwa mwekundu. Njoo." Walikuja, wengine wamenuna, lakini walikuja, na wazee wakaanza kuomba wanyolewe ndevu mapema.

Asubuhi moja akampigia fundi wa matairi, ambaye baba yake alikuwa ameanza kusukuma sahani ya chakula kando. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, umesema kweli. Leo jioni nakuja. Ila na mimi nikuulize: mama yako ulimwona lini?"

Trafiki akasema ana simu nyingine inaita. Hakuwa nayo. Mganga hajigangi.

Chini kabisa ya jedwali akaandika: Mama. Tarehe ikampa kazi. Alipokumbuka, ilikuwa harusi ya mdogo wake, na huyo mdogo sasa ana mtoto anayekimbia. Akaiandika, na mstari ukawaka hapo hapo. Akakagua kanuni akiomba iwe na kosa. Haikuwa na kosa. Akaweka tarehe ya leo. Wekundu ukafutika, na hapo ndipo aibu ilipomshika barabara. Akairudisha ile ya harusi, akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa.

Jumamosi akapiga hodi kwa mama yake. Mama akamkumbatia, akamkalisha, akakaa karibu naye na kumshika mikono yote miwili.

"Sema tu, mwanangu," akamwambia. "Nani amefariki?"