Majani ya Kijito cha Nyanya

Juzi nilishuka Hombo, nikaingia katika duka la dada, mtoto wa mama mkubwa, na kabla hata ya salamu macho yangu yakapanda ukutani. Kitunga cha nyanya yetu, mama wa mama zetu, kilikuwa kimening'inia pale, kimejaa vitunguu. Rafiki yangu, mimi ni mtu mzima sasa, lakini wivu ulinirudia kama zamani.

Kule Buleusa, kijijini kwa nyanya, kiangazi kilipopunguza maji, wanawake waliziba kijito kwa udongo na vigogo vya migomba, kisha wakayachota maji kwa sahani na sufuria huku wakiimba, mpaka samaki wakabaki wakirukaruka topeni. Aliyesimama na kitunga kwenye tundu la ule ukuta wa udongo ndiye aliyewapokea wa kwanza. Nyanya alimchagua dada. Mimi nilitumwa kuchuma majani ya kufungia samaki. Jioni dada alipewa kichwa cha kambale. Mimi nilichovya bugali katika mchuzi wa mawese, nikimtazama anavyonyonya mifupa.

Mwaka mmoja dada, kwa bidii yake, alizoa majani yote yaliyooza kijitoni ili maji yang'ae. Yaling'aa kweli. Tulipokuja kuchota, kitunga kikatoka na kaa mmoja, mwembamba. Nilifurahi hadi miguu ikacheza yenyewe. Leo atanyang'anywa kitunga!

Nyanya akacheka. "Weye mutoto, umefagia meza mbele batu bakule!"

Akamshika dada mkono, wakaingia majini wawili, wakirudisha majani kwa mafungu. Nilibaki ukingoni, nikitega sikio nyanya akimweleza. Kosakosa, wale kamba wadogo, wanakula majani yaliyooza. Samaki wadogo wanakula kosakosa, kambale anakula samaki wadogo, na chochote kinachokufa kinarudi kwa kaa.

"Na siye, nyanya?" dada akauliza.

"Siye tunakula, tunaachia bengine."

Mimi sikuwa nimekosea kitu, kwa hiyo sikufundishwa kitu. Nilimwonea dada wivu hata kwa kosa lake.

Majani yakaoza tena, samaki wakarudi, na kitunga kikabaki mikononi mwake.

Nyanya tulishamzika. Huko juu wachimbaji wa dhahabu wanaosha mchanga, na kijito kimekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Majani bado yanaanguka, ila chini ya tope lile hakuna wa kuyala. Dada anauza samaki wa frigo, waliogandishwa.

"Unaangalia tu kitunga, ata salamu hapana?" akaniambia, akicheka. "Toka utoto hii kitu inakuuma! Kamata basi."

Akamwaga vitunguu kwenye meza, akanipa. Nilikinusa. Harufu ya vitunguu tu, ya samaki hakuna.

Sasa kimetundikwa juu ya meza ninapoandikia, nami bado ninamwonea wivu. Mikono yake inakumbuka uzito wa kitunga kilichojaa. Mimi nimekipata kikiwa chepesi.