Tuliloweka Muhogo Usiku Mmoja

Kosa la wengi ni kuamini kwamba unga wa muhogo ukiwa mweupe na mkavu, basi ni salama. Weupe hausemi kitu. Sumu ya muhogo mchungu haina rangi, na inaondoka kwa kulowekwa majini siku kadhaa. Mwenye haraka huiacha ndani. Hayo niliyasoma chuoni na nimeyafundisha maisha yangu yote. Ndiyo maana naomba admin afiche jina langu.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, bwana shamba mstaafu, mkoa wa Mtwara, kijiji kisicho mbali na mto Ruvuma. Tuna umoja wa akina mama wanaotengeneza unga wa muhogo na kuuuza mjini. Mimi ndiye mlezi wao. Jumamosi hii tuna mkutano wa kufunga mwaka, nami nimepewa kazi ya kuandika taarifa ya jinsi mwaka ulivyokwenda. Nimekaa na karatasi siku ya nne sasa.

Niwaeleze kidogo. Huku kwetu wengi hupanda muhogo mchungu kwa sababu nguruwe pori na ngedere hawausumbui sana. Ukishavunwa unamenywa, unalowekwa siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo unaanikwa na kutwangwa. Mwaka huu mvua ilikata mapema. Muhogo ukikosa maji ardhini huzidi uchungu, kwa hiyo mwaka kama huu ndio wa kuuloweka zaidi. Lakini kisima chetu kilibaki tope, na wateja wa mjini walitaka unga kila wiki.

Mwenyekiti wetu, nimwite Mama Salma, akaleta hoja kwamba tuloweke usiku mmoja tu, jua litamaliza kazi. Kabla sijasema lolote, Atija akanyoosha mkono. Atija ni Mmakua, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji zamani. Alieleza kwamba kijijini kwa bibi yake, mwaka wa njaa, watu walikula muhogo wa haraka wakaamka miguu imekaza, wala haikulegea tena. Wenzake walicheka. Mmoja akamwambia, "Atija nawe, kila baya limeanzia kwenu ng'ambo. Au miguu yako ndiyo haitaki kwenda kisimani?"

"Miguu yangu ipo," akajibu. "Muulizeni Bwana Shamba. Yeye amesoma."

Wote wakanigeukia. Ugonjwa ule nilikuwa naujua, hata jina lake la vitabuni. Niliwatazama akina mama wale, wengi wakiwa na watoto wa kusomesha, nikaogopa kuwa mzee aliyewafungia kazi. Nikasema jua letu ni kali, usiku mmoja unaweza kutosha. Nikacheka kidogo pamoja nao. Atija hakucheka, akajifunga vizuri kanga yake.

Vikundi vya vijiji jirani vilisimamisha kazi mwaka huu kwa kukosa maji, sisi tukaendelea. Siku moja waliniita mbele wakanivisha kitenge mabegani, wakapiga vigelegele, kwa kuwa eti mimi ndiye niliyeuokoa umoja. Kitenge hicho sijakivaa tena.

Mwezi uliopita mke wa mtoto wa Mama Salma, binti anayenyonyesha, aliamka akashindwa kusimama. Hakuwa na homa, hakuwa ameanguka. Aliposhikwa mikono alikwenda kwa ncha za vidole vya miguu, magoti yakigongana. Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta Atija pale. Alimtazama mgonjwa akivuka ua, akasema taratibu, "Ndivyo alivyokuwa mama yangu mdogo."

Mama Salma akamgeukia. "Uliyaita mwenyewe, Atija. Ulituambia yatakuja, na yamekuja. Sasa yaondoe."

Nilikuwa nimekaa mkekani, hatua mbili tu kutoka kwao, nami sikufungua mdomo. Tangu siku ile wengi hawamsalimii Atija. Mgonjwa amepelekwa kwa mganga, na nyumbani kwake wanaendelea kula unga uleule. Mama Salma amenijia mara mbili kuhusu taarifa. Anataka niandike kwamba mwaka ulikuwa mgumu kwa sababu ya ukame, na kwa sababu ya mtu mmoja asiyetutakia mema.

"Iandike vizuri, Bwana Shamba," aliniambia. "Wewe ukisema, watu wanaamini."

Juzi nilipita karibu na shule. Msichana wa darasa la pili alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, na wenzake walimfuata nyuma wakimwiga, wakidhani ni mchezo. Nilimwita nikamuuliza kwao wanakula nini. Akasema ugali wa umoja, na mboga siku nyingine hakuna. Sumu hii huwashika zaidi wanaokula muhogo kila siku bila maharage wala samaki, hasa watoto na akina mama. Na miguu ikishakaza, hairudi ilivyokuwa.

Unga ule bado umo ghalani kwetu na madukani mjini. Nikisema ukweli umoja utakufa, na akina mama wale hawana kazi nyingine mwaka huu. Nikinyamaza, kuna mwingine ataamka asubuhi ashindwe kusimama, na lawama atabebeshwa Atija. Nishaurini, ninyi wenye vichwa vilivyotulia: nimweleze Mama Salma kwanza faraghani, au nisimame mbele ya wote na kusema mimi ndiye niliyewaruhusu?

Majibu yenu nitayasubiri, ila ninyi msinisubiri mimi. Kama nyumbani una unga wa muhogo na hujui ulilowekwa siku ngapi, leo, kabla ya kusonga, ulowanishe kwa maji, uutandaze mwembamba kwenye ungo, uuache juani kwa muda wa saa mbili ili sumu itoke hewani, ndipo upike.