Mama Haloo na chumba kisichoitika

SAA tatu asubuhi, mwanamke mmoja anazunguka kitanda cha kujifungulia kisicho na mtu. Kiunoni amefunga mkanda wenye simu sita. Mkononi ana tableti ambayo amechorea chumba chote: kuta nne, mlango, dirisha na kitanda chenyewe. Kila akifika kona anagusa mchoro ili mtambo ujue alipo, kisha anaendelea polepole.

Simu zinajipigia zenyewe. Hakuna anayeziamuru na hakuna anayezungumza. Zinajaribu, zinakata, zinajaribu tena.

"Imegoma," anasema. Hatua chache mbele: "Na hii imegoma." Anatabasamu, halafu anakumbuka yuko chumba gani, anaacha.

Mlangoni amesimama muuza mkaa wa nje ya zahanati, mikono ameikunja kifuani. Hakualikwa, lakini pia hakuna aliyethubutu kumfukuza.

"Hiyo ya pembeni mbona inawaka taa?" anauliza.

"Kuwaka inawaka, baba, ila haijashika mtandao."

"Haya. Nakuangalia."

Karibu na kabati la dawa, mkunga wa zahanati, ambaye mtaa mzima unamwita Sista, anakunja mashuka ambayo yalishakunjwa. Hamtazami muuza mkaa, na muuza mkaa hamtazami yeye. Mwandishi wa makala haya anawatazama wote watatu na bado hajaamua amwamini nani.

Mwanamke mwenye simu anaitwa Mama Haloo. Jina hilo si la zamani, na tutafika lilikotoka. Mgongoni mwa kizibao chake cha njano kuna maneno ya kampuni: TUNAUNGANISHA JAMII. Anasema hajawahi kuona maneno yanayofunga mageti kwa kasi kama hayo.

Kampuni inayomlipa si ile inayokuuzia vocha. Hii hukaa nyuma ya pazia. Hufunga mitambo minarani kwa niaba ya kampuni za simu, huitengeneza ikiharibika, halafu hupima kama mawimbi yanamfikia mteja. Wateja wake ni kampuni za simu. Sisi tunaopanda juu ya ndoo kutafuta mtandao ni wateja wa wateja wake, na ndiyo maana hujawahi kusikia wakikuuliza hali.

Kazi ya Mama Haloo ni kutembea. Huingia vichochoroni ambako gari la kampuni halipiti, karibu kilomita kumi kwa siku, huku simu zikipigiana. Malipo ni ya siku iliyotembewa. Mvua ikinyesha au mguu ukivimba, siku hiyo haina kitu. Viatu hununua mwenyewe, na mwaka huu ameshamaliza jozi tatu.

"Watu wananiona napita mara ya kwanza, wananisalimia," anasema. "Napita mara ya pili, wananyamaza. Ya tatu, wanaita watoto waingie ndani."

Ameshaitwa kachero, mtu wa kodi, mwizi wa watoto na mganga wa kisasa. Kuna muuza nyama aliyeamini kwamba simu zile ndizo zinazonyonya mtandao wa mtaa na kuupeleka kwa matajiri. Alimfuata vichochoro viwili akiwa na kisu cha kazi, akimsihi kwa heshima zote aurudishe.

Nyumbani nako si shwari. Mama mkwe wake alipouona mkanda kwa mara ya kwanza alimvuta mwanawe pembeni. "Mwanangu, mwanamke mwenye simu moja ana mume mmoja," alimwambia. "Huyu wako ana sita. Piga hesabu mwenyewe."

Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alicheka. Lakini jioni hiyo, Mama Haloo anasema, alimkuta akiziweka simu zote sikioni, moja baada ya nyingine, akisikiliza.

Basi siku moja, miezi michache iliyopita, alipita zahanati hii kuomba maji ya kunywa. Akakaa kwenye benchi la korido, lile lililoegemea ukuta wa chumba cha kujifungulia. Akafungua mkanda apumzishe kiuno. Alipoinuka aliufunga tena bila kuhesabu, jambo ambalo mtu wa kazi hii hafanyi. Simu moja ilibaki chini ya benchi, imewashwa, ikiendelea na kazi yake.

Ilikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri ikijaribu kupiga. Haikufika popote.

Aliyeiona ni mama mmoja aliyemleta mtoto kliniki. Aliona kitu kikiwaka na kuzimika chini ya benchi, chenyewe. Akapiga ukelele. Waliokuwa na watoto wakatoka nao mbio, na wasio na watoto wakaja kuona.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," anasema muuza mkaa. "Sisi tulishaumwa hapa."

Ni yeye aliyejitolea. Alichukua koleo lake la makaa, akaibana ile simu kwa mkono ulionyooka na uso umegeuzwa pembeni, akaitoa nje taratibu hadi getini, mahali anapouzia. Alikusudia kuifukia kwenye ndoo ya mchanga.

Alipofika tu getini, simu ikaita.

Upande wa pili, vichochoro kadhaa kutoka hapo, Mama Haloo alikuwa ameshagundua kwamba kiunoni zimebaki tano na roho iko juu juu. Moja ya hizo tano ikalia. Kanuni ya kazi inakataza kabisa kupokea simu za majaribio, maana ukipokea unaharibu kipimo. Alipokea.

"Haloo?"

Muuza mkaa aliiachia simu ikaangukia mkaani, na jina likazaliwa hapo hapo.

Kilichofuata hakichekeshi sana. Mama Haloo alipofika kuichukua simu alikuta getini kumejaa watu. Mtu alimshika kizibao. Mwingine alisema wamfungie ndani kwanza mpaka aseme ametumwa na nani. Ni Sista aliyepenya katikati yao, akamshika mkono na kumwingiza ndani, akafunga mlango kwa kitasa.

"Sikumwokoa kwa wema," Sista anasema. "Nilikuwa na swali langu."

Swali lake lilikuwa moja: simu hii imejaribu kupiga ikiwa humu ndani, imepata? Mama Haloo alipomjibu kwamba haikupata hata mara moja, Sista aliketi chini, sakafuni, akaanza kulia.

Hapa ndipo inabidi kusema ni nani aliyeumwa na nyoka.

Binti wa muuza mkaa aliletwa zahanati hii kujifungua mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa mchana, mambo yakienda vizuri, kisha damu ikaanza kutoka isivyotakiwa. Sista alihitaji gari la hospitali. Alipiga simu akiwa kando ya kitanda. Ikagoma. Akapiga tena.

"Mkono mmoja nilikuwa namkandamiza tumbo, mwingine napiga," anasimulia. "Ningemwacha vipi? Nilipoona haiwezekani, nikamwachia shangazi yake, nikakimbia getini. Pale ikaita mara moja."

Gari lilikuja. Mama akapona. Mtoto hakulia.

Muuza mkaa alikuwa getini muda wote huo. Zaidi ya hapo, alikuwa kwenye simu na mteja, sauti safi kabisa. Alimwona mkunga akitoka mbio, akabonyeza, akapata. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena.

"Nilijiuliza, kama simu yake ni nzima, ndani alikuwa anangoja nini?" anasema, bila kupunguza sauti ingawa Sista yupo. "Wakaniambia hakuna mtandao. Mimi naongea na mteja hatua chache kutoka hapo, halafu niambiwe hakuna mtandao? Lisemwalo lipo. Nikaona wamelala, wanatafuta pa kujificha."

Maneno hayo aliyarudia kwa kila aliyenunua mkaa, na mkaa wananunua wote. Wajawazito wakaanza kupita mbele ya geti la zahanati kwenda mbali zaidi. Uongozi ukamwita Sista kujieleza. Mpaka leo ninapoandika, suala lake halijafungwa; akikosa wa kumtetea, anaondolewa.

Kwa hiyo simu iliyosahauliwa ilikuwa shahidi wake. Ilikaa nyuma ya ukuta wa chumba kile siku nzima ikigoma, na ilipotolewa getini ikaita ikiwa imebanwa na koleo la mtu yule yule asiyemwamini. Ungedhani mambo yangeishia hapo.

Hayakuishia. Vipimo vya siku ile vilipofika ofisini kwa kampuni, vile vya simu iliyosahauliwa vilifutwa. Mtambo wao huondoa kipimo cha simu isiyotembea, kwa kuwa huhesabu kwamba imeharibika au mpimaji amelala. Ramani ya mtandao ikabaki ya kijani, yaani mawimbi yapo, mtaa mzima, zahanati ikiwemo.

"Hawakufuta kwa ubaya," Mama Haloo anawatetea waajiri wake, kisha anaongeza: "Nadhani."

Gazeti hili halina huruma kiasi hicho, likapiga simu. Mhandisi wa kampuni ya mitambo, mtu mpole, alisema wao hupima na kushauri. Wanaoamua kuongeza antena ni kampuni ya simu. Kampuni ya simu ikasema inafuata ramani iliyopewa, na ramani haina tatizo. Tulipomrudia mhandisi kumwambia hivyo alisema basi kipimo kirudiwe, ndani ya chumba, mpimaji akiwa anatembea. Akaahidi atakipeleka mwenyewe. Tumeshaahidiwa mengi, kwa hiyo tumeandika tu kwamba ameahidi.

Ndiyo sababu ya mizunguko hii kando ya kitanda asubuhi ya leo. Chumba ni kidogo, na kanuni inataka simu itembee, basi Mama Haloo anatembea. Mgeni angedhani anafanya tambiko. Muuza mkaa, aliyesikia habari hizo mtaani, amekuja kuhakikisha hakuna mchezo.

"Nipe mimi mkanda," anasema ghafla.

"Kazini hairuhusiwi, baba."

"Na kupokea je, iliruhusiwa?"

Mama Haloo anacheka kwa kushindwa, anamfunga mkanda. Mzee anazunguka kitanda, tumbo mbele, simu zikimning'inia kama mtu anayeuza. Mzunguko wa kwanza anatazama simu. Wa pili anatazama kitanda. Zinagoma zote, kila upande. Anatoa na ya kwake mfukoni, ile aliyoitumia kuzungumza na mteja siku ile, anabonyeza namba, anaiweka sikioni. Anangoja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Alipiga akiwa hapa?" anamuuliza Mama Haloo, akigusa kando ya mto.

"Hapo," anajibu Sista.

"Mbona hukupiga kelele? Mimi niko hapo nje. Ningekupigia mimi."

"Nilipiga kelele."

Anageuka kulitazama dirisha. Linaelekea getini, moja kwa moja kwenye magunia yake. Limefungwa, na pembeni limezibwa kwa vitambaa vilivyolowekwa na kukauka. "Na hili mbona halifunguliwi?"

Sista amelificha jibu hili kwa miezi yote ya kusemwa vibaya, na hata sasa analitoa kwa shida.

"Vumbi," anasema. "La mkaa. Linaingia kwa wazazi."

Muuza mkaa anavua mkanda bila haraka. Anafuta simu moja moja kwa shati lake, ingawa shati ndilo linalozichafua, anamrudishia mwenyewe. Anatoka bila kuaga.

Mama Haloo anamaliza kazi, anatuma vipimo, anakaa kwenye benchi lile lile. Safari hii anahesabu simu mara mbili kabla ya kufunga mkanda. Nikamuuliza anatumaini nini. Alisema anataka kijiantena kidogo kifungwe kwenye korido, kazi ambayo mafundi wa kampuni yake wanaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana wakipewa ruhusa, na anataka kipimo chake kiwafikie wanaomhoji Sista kabla hawajaamua.

"Simu zangu zinaita maisha yao yote na hakuna anayepokea," alisema. "Siku kikifungwa nitasimama kando ya kitanda kile, nipige. Nataka mtu aitikie."

Nilirudi siku mbili baadaye, nikiwa na shaka zangu, kuona kama kuna lolote limefika kutoka ofisini. Hakuna lililofika. Lakini magunia ya mkaa yalikuwa yamehamia ng'ambo ya barabara, ambako wateja wanalalamika kwamba ni mbali. Upande huu, chini ya dirisha la chumba cha kujifungulia, kilibaki kiti cha muuza mkaa, na mwenyewe amekikalia, simu ipo kwenye paja. Dirisha lilikuwa wazi.

Nilimuuliza kama sasa anawaamini watu wa kampuni.

"Nani? Wale?" Alitema mate pembeni. Kisha akainua kichwa kuelekea dirishani, akaita kwa sauti, "Sista! Unanisikia?"

"Nakusikia, mzee," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Basi," akaniambia. "Mpaka hao wenu waje, mtandao wa chumba hiki ni mimi."